Muhula wa kwanza nimepata 1.8, na nikiingia chumba cha mtihani kichwa kinafutika. Nisaidieni

NuruYaAsubuhi · Jumanne, saa 4:12 usiku

Habari zenu nyote, na shikamooni mlionitangulia.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalitoka Ijumaa. Nimekaa nayo siku nne bila kumwambia mtu, leo nimeona niyaandike hapa maana yananikaba. Kemia 31, hisabati 38, takwimu 44, biolojia 52, stadi za mawasiliano 63. Kufaulu kwetu ni 40. Kwa hiyo nina sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, na GPA, wastani wa alama zangu, ni 1.8 kwenye kipimo cha 4.

Sekondari sikuwahi kutoka kwenye tatu bora. Sijisifu, nataka tu mnielewe: kufeli ni jambo ambalo sijawahi kukutana nalo, sijui hata mtu hulibeba vipi. Mama akipiga simu namwambia matokeo bado. Nikikata simu nabaki naangalia dari.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilisoma. Ningekuwa nilicheza, ningenyamaza. Daftari la kemia nililisoma lote mara 4, mwanzo mpaka mwisho, kila ukurasa una mistari ya njano na ya kijani. Wiki ya mitihani nilikuwa nalala masaa 3, siku nyingine silali kabisa. Usiku wa kuamkia kemia nilikuwa nafungua ukurasa wowote na nauona kabisa, hiki nakijua, na hiki nakijua.

Halafu nikaingia. Msimamizi akasema fungueni karatasi. Nikasoma swali la 1. Nikalisoma tena. Mara ya tatu maneno nayaona lakini hayaingii. Moyo ukawa unadunda mpaka nausikia masikioni. Viganja vikalowa, kalamu ikawa inateleza, nikaipangusa kwenye sketi, nikaanza kuwaangalia wengine. Msichana wa mbele yangu alikuwa ameshageuza ukurasa. Nikasema moyoni, basi, nimekwisha. Kuanzia hapo sikumbuki vizuri nilichoandika.

Naomba kuuliza mawili. Kuna aliyeanza vibaya hivi kisha akainuka, au ndiyo nimeshaharibu? Na hili la kichwa kufutika, mnalifanyaje? Sapu ni baada ya wiki 5. Nimeanza kuwaza kuacha chuo kabisa kuliko kupoteza miaka minne.

Tafadhali anayetaka kunisema, anisamehe kwa leo.

---

KitiChaMbele · Jumanne, saa 5:03 usiku

Mdogo wangu, pole. Hakuna wa kukusema hapa.

Mimi muhula wa kwanza nilipata 1.6. Leo niko mwaka wa nne, nimemaliza mihula saba na wastani wangu ni 2.9. Sikugeuka mtu mwingine. Nilibadilisha jambo moja, nitakueleza, lakini kwanza chukua kalamu tupige hesabu, kwa sababu siku zile hesabu hii ndiyo iliyonizuia nisifungashe virago.

Una mihula minane. Tuseme yote ina uzito sawa. Wa kwanza una 1.8. Saba iliyobaki ukipata 3.2 kila mmoja, ni 22.4. Jumlisha 1.8 unapata 24.2, gawa kwa 8: ni 3.03. Muhula wako mbaya ni sehemu moja katika nane. Inaonekana kubwa kwa kuwa sasa hivi ndiyo peke yake iliyopo kwenye karatasi. Ila nisikudanganye: muhula wa pili ukipata 3.0 safi, wastani utasoma 2.4, na utaumia tena ukidhani juhudi zimepotea. Hazijapotea. Wastani huwa unapanda taratibu, ujue hilo mapema.

Sasa hilo jambo moja. Umeandika kwamba usiku ule ulikuwa unafungua ukurasa wowote na unauona kabisa kwamba unaujua. Hapo ndipo ulipokwama, na mimi nilikwama hapohapo. Ulikuwa unautambua, hukuwa unaukumbuka. Kuna watu tunawajua kwa sura kabisa, tukiwaona tunawapungia mkono, lakini ukiulizwa jina lake huna. Mtihani hauonyeshi sura ukauliza kama umewahi kuiona. Unauliza jina. Na kusoma daftari mara nne kunakuzoeza sura tu.

Hili si langu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo matini wasome. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja tu, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Soma tena hizo namba mdogo wangu. Usiku ule uliojiona unajua ulikuwa kwenye zile dakika 5.

Ninavyofanya mimi: nasoma mada moja, kurasa kama sita. Nafunga daftari, naliweka kitandani nisilione. Nachukua karatasi tupu naandika kila kitu kwa kalamu ya bluu. Nikikwama nakaa hapohapo dakika moja au mbili nikivuta, sifungui haraka. Halafu ndiyo nafungua, na kila nilichosahau naongeza kwa kalamu nyekundu. Kesho yake naanza na nyekundu za jana, baada ya siku tatu tena, baada ya wiki tena.

Siku ya kwanza niliandika mistari minne nikaishiwa. Mistari minne, mada niliyoisoma mara tano! Karatasi nzima ilikuwa nyekundu. Nilitaka kuichana. Niliibandika ukutani, na wiki ya tatu nikabandika nyingine pembeni yake ya mada hiyohiyo, nyekundu ilikuwa sehemu mbili tu. Sikuhitaji mtu wa kunitia moyo tena.

Na nenda ukaombe kuona karatasi yako ya kemia. Usiogope.

---

Msafiri_44 · Jumanne, saa 5:40 usiku

Pole dada. Mimi nakesha kila mtihani na nafaulu vizuri tu, nadhani kila mtu na mwili wake. Usikate tamaa.

---

MkufunziMstaafu · Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Marahaba binti yangu.

Nimefundisha mwaka wa kwanza kwa muda mrefu na nimesahihisha karatasi nyingi sana. Niseme kutoka upande wa meza yetu, kwa sababu wanafunzi wengi hawaujui.

Kijana aliyeshauri uombe kuona karatasi amesema neno la maana kuliko yote. 31 ni namba tu, haikuambii umefeli wapi. Wawili wanaweza kupata 31, mmoja hajui somo, mwingine analijua lakini hakufika kwenye maswali. Dawa zao ni mbali kabisa. Wengine mnatibiwa ugonjwa ambao hamna. Utaratibu wa kuona karatasi hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo anza na mwalimu wa somo, ukikwama nenda idara. Usiende na lawama wala machozi ukiweza. Nenda na daftari na swali moja: "Mwalimu, nilipoteza alama wapi?" Mwalimu ambaye hana la kumjibu mwanafunzi anayelia ana mengi ya kumjibu aliyeuliza hivyo.

La pili, dakika. Mtihani wa masaa 3 ni dakika 180. Ukiwa na alama 100, kila alama moja ina chini kidogo ya dakika 2. Swali la alama 20 lina dakika 36, basi, hata kama ni zuri namna gani. Andika muda wa kuondoka pembeni ya kila swali kabla hujaanza. Saa ikifika, acha nafasi, nenda la pili. Alama za mwanzo za swali jipya ni rahisi kuzipata kuliko alama mbili za mwisho za swali ulilong'ang'ania.

La tatu, hakuna sheria inayosema uanze na swali la 1. Nimewasimamia vijana wanaolikodolea macho nusu saa nzima. Karatasi ikifunguliwa, usijibu chochote. Geuza ukurasa wa nyuma wa kijitabu cha majibu, andika kanuni zote unazoogopa kuzisahau, zitoke kichwani zikae kwenye karatasi. Kisha soma maswali yote, anza na lile unaloliweza zaidi. Mkono ukishaanza kuandika, mengine hufuata.

Na ukurasa mtupu hausahihishiki. Hata hatua ya kwanza ya hesabu ina alama yake kwa walimu wengi. Nimewahi kumtafutia mwanafunzi alama kwenye karatasi yake mbele na nyuma, nikitaka kumpa, nikakosa pa kuiweka kwa sababu hakuandika kitu. Hilo halikuniacha haraka.

Soma pia kanuni za mitihani za chuo chenu kabla ya hiyo sapu. Vyuo vingi ukifaulu marudio hukuandikia alama ya kufaulu tu hata ungepata 80, na ni vizuri ujue mapema ili usivunjike moyo baadaye. Masharti ya kubaki au kuondolewa chuoni nayo yameandikwa humo. Usiyapate kwa kusikia kwenye korido.

---

DadaMuuguzi · Jumatano, saa 2:05 usiku

Mdogo wangu Nuru, nimetoka zamu sasa hivi nikaona nisilale bila kukujibu.

Kilichokupata chumbani kina maelezo. Ubongo uliona hatari, tezi zikamwaga adrenalini, mwili ukajiandaa kukimbia au kupigana. Ndiyo maana moyo ulidunda na viganja vikalowa. Homoni za msongo, kama kotisoli, huzuia kuvuta kumbukumbu kwa muda ule. Kwa hiyo yale uliyokuwa unayajua kweli hayakufutika, mlango ulijifunga tu. Na umewahi kuona? Unatoka nje ya chumba, unashuka ngazi mbili, jibu hilo linakuja.

Ukihisi inaanza, weka kalamu chini. Vuta pumzi puani ukihesabu mpaka 4, toa polepole mdomoni ukihesabu mpaka 6 au 7. Kutoa ndiko kurefuke, kwa sababu ndiko kunakoshusha mapigo ya moyo. Mara sita zinatosha, ni kama dakika moja. Lakini usisubiri siku ya mtihani ndiyo ujaribu. Fanya kila siku unapojipima na zile karatasi tupu za kaka KitiChaMbele, mwili uzoee. Na jipime kama mtihani kweli: mezani, saa mbele yako, simu chumba kingine, mtihani wa mwaka uliopita. Hofu hupungua kwa kuizoea.

Jingine ambalo mwanzoni sikuliamini. Ramirez na Beilock, wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliandika mwaka 2011 kwamba wanafunzi waliopewa dakika 10 kabla ya mtihani waandike hofu zao waziwazi walifanya vizuri kuliko waliokaa kimya, hasa wale wenye hofu nyingi. Karatasi hiyo haisomwi na mtu. Andika "naogopa mama atajua", andika yule msichana wa mbele alivyogeuza ukurasa, ichane, ingia.

Kuhusu kukesha, kaka Msafiri simpingi kwa mwili wake, lakini wewe Nuru masaa 3 yalikuponza. Ukilala ndipo ubongo unapopanga na kuimarisha ulichosoma mchana. Ukikata usingizi unakata kazi hiyo katikati. Na kama ulikuwa unajisaidia na kahawa, kafeini inachukua kama masaa 5 kupungua nusu tu. Ukinywa saa 4 usiku, saa 9 usiku nusu yake bado ingali mwilini.

Sasa nikuulize kwa upole, na usijibu hapa kama hutaki. Unakula? Unalala? Ukiangalia dari, unawaza nini? Kama huzuni hii imekushika karibu kila siku kwa wiki mbili, vitu ulivyopenda vimepoteza ladha, au limekujia wazo la kutotaka kuishi, usisubiri sapu ipite. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Hata kama si hivyo, mwambie mama. Siri hii unaibeba pamoja na kemia, na mzigo huo ni mzito kuliko kemia yenyewe.

---

NuruYaAsubuhi · Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 3:30 usiku

Wapendwa, nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa nasoma majibu yenu kila usiku lakini nilitaka nirudi nikiwa nimefanya kitu.

Dada, nakujibu kwanza wewe. Nalala, sasa masaa 6 na nusu, 7. Lile wazo baya la mwisho sikuwa nalo. Dari nilikuwa naliangalia nikipanga nitamwambiaje mama. Hata hivyo nilienda kwa mshauri wa wanafunzi Ijumaa, mwenzangu wa chumbani akanisindikiza, na nitarudi tena.

Mama nilimwambia Alhamisi. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisome. Sikufika mstari wa pili. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unalia peke yako?" Hakuuliza alama ngapi mpaka kesho yake.

Shikamoo Mwalimu. Karatasi nimeiona. Nilienda Jumatatu na daftari na swali lile lile ulilonipa, nikalisema neno kwa neno kwa sababu sauti ilikuwa inatetemeka na nisingeweza kutunga jingine. Mwalimu wa kemia akaitoa kwenye bahasha akaiweka katikati yetu.

Maswali yalikuwa 5, kila moja alama 20. La kwanza nilipata 11, la pili 9, la tatu 8, la nne 3, la tano sifuri. Nilikuwa nimelikalia swali la kwanza, kwa nilivyokumbuka tulipohesabu pamoja, kama saa moja na dakika 10. Dakika 36 zilizokuwa zake, na nyingine nusu saa nilizoiba kwa ndugu zake.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni swali la tano. Lilikuwa la taitresheni, kupima asidi kwa alkali, sentimita za ujazo 25 za alkali ya molari 0.1, yaani moli 0.1 kwa lita. Nilikuwa naamini sikuligusa kabisa. Mwalimu akageuza ukurasa wa mwisho kabisa wa kijitabu, na pale chini, kwa mwandiko wangu uliopinda, kuna lita 0.025 mara 0.1, sawa na moli 0.0025. Ni sahihi. Ni hatua ya kwanza na ni sahihi. Na juu yake nimepitisha mistari miwili ya kalamu, nimeikata. Akaniuliza kwa nini niliikata. Sikuwa na jibu. Nadhani muda ule sikuamini kwamba kitu chochote kinachotoka kwangu kinaweza kuwa sahihi. Akasema kilichokatwa hasahihishi, ningekiacha kilivyo angenipa alama zake 4, na hatua ya pili ilikuwa imebaki mstari mmoja.

Niliiangalia mistari ile miwili ya kalamu muda mrefu. Nimeichora kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza, pamoja na hesabu yenyewe.

Kwenye la tatu nako nimeona jambo: liliuliza "eleza kwa nini", mimi nimetaja tu. Nimetaja vitu vitano, vyote ni vya kweli, hakuna hata kimoja nilichoeleza.

Kaka KitiChaMbele, nina karatasi tupu 6 mpaka sasa. Ya kwanza niliandika mistari 7. Nililia kidogo halafu nikachukua kalamu nyekundu. Za biolojia zinakwenda vizuri. Ila hisabati inanisumbua, maana nikifunga daftari hakuna cha kuandika kama maelezo, ni maswali. Hapo unafanyaje?

---

KitiChaMbele · Jumatano, saa 3:51 usiku

Mistari 7 umenizidi mitatu.

Hisabati usiandike maelezo. Chukua mfano mwalimu alioufanya ubaoni, nakili swali peke yake kwenye karatasi, funga daftari, ulifanye mwenyewe mpaka mwisho. Ukikwama fungua, tazama mstari mmoja tu unaofuata, funga tena, endelea. Mstari uliolazimika kuutazama uandike kwa nyekundu. Likitoka, siku inayofuata lifanye tena likiwa na namba tofauti. Na changanya mada, usifanye maswali kumi ya aina moja mfululizo, kwa sababu kwenye mtihani hakuna atakayekuambia hili ni la mada ipi.

Tuma picha ya swali linalokusumbua, niko macho mpaka saa 5.

---

NuruYaAsubuhi · Jumatano, saa 3:58 usiku

Asante kaka. Ngoja nilinakili vizuri, nakutumia sasa hivi.